Ghala la Mafuta Chini ya Minazi ya Mama

Wakili wa kampuni ya mafuta ya taa alifika Chole pepo za kusi zikiwa zimekwisha kushika, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kukataa nyumba.

Nyumba alizozikataa zilikuwa nzuri. Siku zile boma la Wadachi, yaani Wajerumani, lilikuwa bado hapo kisiwani kwetu, na penye boma pana forodha, na penye forodha kila mfanyabiashara hutaka kuwa jirani. Wenye nyumba za mawe wakampokezana. Mmoja alimfungulia mlango wa nakshi akausimamia kando ili uonekane wote. Mwingine aliupiga ukuta kwa ngumi apate kusikia ulivyo mnene. Wa tatu alimwapia kwamba chumba chake cha chini hakijapata kuingia panya. Wakili alishukuru kila mahali, akanywa kahawa kila mahali, na kila mahali akatoka na neno lile lile: nyumba ni njema, ila kampuni haiuzi nyumba, inauza mafuta.

Watu hawakumwelewa. Mafuta ya taa yenyewe tulikuwa tukiyajua. Yalikuja kwa mashua, madebe mawili mawili ndani ya kasha la mbao, yakauzwa madukani kwa chupa, na yakiadimika tulirudi kwenye mafuta yetu ya nazi bila kulalamika sana. Lakini kampuni kutaka ghala lake Mafia, stima ishushe shehena mara moja na visiwa vyote vichukue hapo, hilo lilikuwa geni. Na mgeni akipewa nyumba bora akaikataa, watu husema ama ana kiburi, ama hana mamlaka ya kutosha.

Alikuwa mtu wa Unguja, mama yake Mngazija, mwembamba, kanzu yake safi hata miguu ikiwa na tope. Alipanga chumba kidogo cha kulala, akaanza kuzunguka. Alisimika vijiti ufukoni kuanzia forodhani hadi ncha ya kisiwa, kila kijiti na utambaa mwekundu, na asubuhi na alasiri akapita kuzitazama tambaa zinaelekea wapi. Maji yakipwa, alivua viatu akaenda mbali kwenye mchanga, akikanyaga kwa kisigino kuona panapodidimia. Aliuliza visima viko wapi, na ni nani anachota wapi. Kusi ikaisha, upepo wa matlai ukapita, kaskazi ikaingia, naye yupo. Wenye nyumba za mawe walikuwa wamekwisha kuchoka kumcheka.

Sisi tulikuwa tukikaa nyumba ya mwisho upande wa magharibi, baada yake hakuna ila minazi na bahari. Baba alikufa kwa ndui. Mama alimfuata kwa homa kabla hatujazoea kutomsikia baba akikohoa alfajiri. Nikabaki mimi, msichana aliyekwisha kufikia kuposwa, na mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba, binti aliyekuwa bado akilala na kidole mdomoni. Chuoni nilikuwa nimeacha siku mama alipougua, nikiwa sijafika katikati ya msahafu. Mwalimu alikuja kuniuliza nitarudi lini, akanikuta ninatwanga, akaona jibu.

Kiwanja kile kilikuwa cha babu yetu. Aliwaachia baba na ndugu yake mmoja tu, ami yetu, nao hawakukigawa. Nusu yetu, nusu yake, na hakuna aliyejua mpaka unapita wapi kwa sababu hakuna aliyeuhitaji. Sasa ami alikuwa ameoa Baleni, kule kisiwa kikubwa cha Mafia, mke mwenye shamba la mihogo na minazi, na alitaka kuhamia huko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Jambo likikaa mbele yake siku nyingi lilimwasha kama upupu.

Na sisi tulikuwa jambo.

"Kijana nitakwenda naye Baleni, atashika jembe," aliniambia siku moja, ameketi kizingitini kwetu. "Mdogo wenu atakaa kwa mama yenu mkubwa, kisiwani Juani. Na wewe umekwisha kuwa mkubwa. Wako waliouliza."

"Na nyumba, ami?"

"Nyumba ya udongo, mwanangu. Huanguka yenyewe."

Sikumjibu kwa ukali; hakuwa mtu wa kujibiwa hivyo na mimi sikuwa mtoto wa kujibu hivyo. Nilimwambia tu kwamba mama alituacha watatu na mimi nitamwonyesha watatu siku ya kiama. Akacheka, akasema kiama ni mbali, Baleni ni karibu.

Basi ndipo wakili akaichagua ncha yetu. Sababu zake nilizijua baadaye, kwa kuwa alipenda kuzieleza, na tangu siku hiyo sijaona mtu aliyeitazama ardhi kwa macho yale. Kusi na kaskazi, zote zina mkono wa mashariki, alisema. Basi mji ukiwa mashariki na ghala magharibi, moto ukitokea, Mungu apishe mbali, upepo utaupeleka baharini. Mchanga wa pale mbele yetu ni mgumu, mpagazi mwenye kasha begani hazami. Kisima kiko juu, ghala litakuwa chini, kikivuja kitu hakitapanda mlima. Na pako mbali na boma, kwa hiyo boma halitapata sababu ya kuja kusema hapa si mahali pa mafuta. Nyumba ya mawe karibu na forodha ingempa heshima ya siku ya kwanza na hofu ya siku zote.

Alimwendea ami, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Ami hakulala kwa furaha. Kesho yake akamleta kuonyesha kiwanja, na mimi nikiwa mlangoni nakuna nazi, nikamsikia akisema yote aliyotaka kusema: mipaka, ukubwa, utulivu wa mahali. Neno "kuuza" lilipotoka niliacha kukuna.

Alasiri ilikuwa ya jua kali. Mkwezi alikuwa akipita na kamba yake begani, ami akamwita.

"Hebu tuangulie madafu. Mgeni ana kiu."

Mkwezi akaja, akaweka kamba chini, akatazama juu. Kisha akageuka kunitazama mimi.

"Nipande?"

"Mimi ndiye niliyekuita," ami akasema.

"Umeniita, bwana, nami nimekuja. Kupanda ni jambo jingine."

"Kiwanja hiki si cha baba yangu?"

"Kiwanja ni cha baba yako, ndiyo maana nakikanyaga kwa adabu. Lakini mimi kazi yangu haiko chini. Nikianguka huko juu, watu wataniuliza nilikuwa katika mnazi wa nani."

Wakili alikuwa akipangusa jasho. Mkono wake ukasimama shingoni.

Kwa mtu wa kwetu hapakuwa na la kueleza. Ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na ardhi asiwe na hata jani moja juu yake, na mwingine akawa na minazi mia asiwe na mahali pa kuzikwa. Baba alipomwoa mama alimpa mahari minazi iliyosimama juu ya kiwanja kile, yote, hata ile ambayo ingeangukia nusu ya ami, kwa ridhaa ya babu aliyekuwa hai. Tangu hapo minazi ilikuwa ya mama, na mama alipokufa ikawa yetu. Ami alilijua hilo kama alivyojua kibla. Kwa kuwa kila mtu alilijua, hakuna aliyekuwa na desturi ya kulitamka, naye hakulitamka. Nadhani kweli hakukumbuka kwamba mtu wa Unguja anayetazama tambaa hawezi kuona mahari ya mama yangu kwa macho.

"Panda," nikamwambia mkwezi. "Mgeni asikose maji kwetu."

Akapanda. Madafu yakaja, nikayachonga mwenyewe, nikampa wakili la kwanza na ami la pili. Ami alikunywa akitazama bahari.

"Bwana mkubwa," wakili akasema, ameshika dafu lake kwa mikono miwili, "jana uliniambia unauza kiwanja."

"Nauza kiwanja."

"Na minazi hii?"

"Unaiona. Iko kiwanjani."

"Naiona. Nauliza atakayeniuzia ni nani."

Mkwezi, ambaye malipo yake yalikuwa nazi na alikuwa amekwisha kuzipata, hakuwa na haraka ya kuondoka. Alichuchumaa akajifanya anafunga kamba upya.

Kampuni zina njia nyingi. Wakili angeweza kununua nusu ya ami siku ile ile, akajenga, kisha akatuachia sisi mayatima kwenda kulia kwa kadhi. Wapo waliofanya hivyo mahali pengine, na mayatima wakachoka kabla ya kampuni kuchoka. Yeye alimaliza dafu, akaweka kifuu chini taratibu, akasema maneno ambayo nimeyakumbuka kwa sababu hayakuwa na huruma yoyote ndani yake, yalikuwa na akili tu.

"Ardhi ya watu wawili na miti ya mtu mwingine, siinunui hata kwa bei ya karanga. Kampuni ina fedha za kugombana miaka kumi. Haina nafasi ya kugombana hata mwezi. Na mali ya yatima, bwana, huunguza kuliko bidhaa yangu. Nitaikodi, na nitaikodi kwenu nyote."

"Nusu yangu nataka kuuza," ami akasema.

"Basi mtafute mnunuzi anayependa kesi."

Mkwezi akacheka, akakohoa kuficha.

Wakili alirudi baada ya siku chache na kamba ndefu. Tulikaa barazani, ami kitini, mimi mkekani na ukaya wangu kichwani, mdogo wangu wa kiume karibu na mlango. Wakili alikuwa amezungusha kamba yake juu ya ardhi, kule ncha ya magharibi, na ndani ya kamba kulikuwa na minazi.

"Yote iliyomo itakatwa," alisema. "Siwezi kuweka mafuta chini ya makuti makavu. Ni sawa na kulala na utambi."

"Kampuni italipa kila mti," ami akadakia.

Niliitazama ile minazi. Mingi ilikuwa mirefu ya kizee, inayozaa nazi kama mkono wa bahili. Lakini kati yake ilikuwamo ile iliyotununulia chumvi na nguo. Nilijua kwamba nikisema hapana, ghala litakwenda mahali pengine na ami atatafuta mnunuzi mwingine, asiye na kamba wala adabu. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimeikata mahari ya mama kwa mdomo wangu.

"Bwana," nikasema, "kwetu mnazi wa yatima haulipwi fedha. Fedha zitaliwa, na ardhi itabaki wazi. Mnazi ulipwe mnazi. Kila mmoja utakaoukata, panda mwingine upande wa mashariki, nyuma ya nyumba, uuzungushie ua mbuzi wasiufikie, umwagiwe maji mpaka ushike."

Ami akaguna. Wakili aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mashine.

"Endelea."

"Na ghala likae mpaka hiyo mipya izae. Ikizaa, umeondoka."

"Ikichelewa kuzaa?"

"Utakaa, na utalipa kodi."

"Na wewe ukienda kuimwagia maji ya bahari ili ichelewe nizidi kulipa?"

"Minazi hupenda chumvi, bwana. Nilidhani mtu wa Unguja analijua hilo."

Ami alicheka kwanza, bila kutaka. Kisha wakili. Lakini alipokwisha kucheka nikaona kwamba analipima neno lile kama alivyoupima mchanga. Miaka sita, labda saba, kama mvua ni za kawaida. Aliniambia wakubwa wake hupenda mapatano marefu, miaka thelathini, hamsini, kwa kuwa karatasi ndefu huwapa usingizi mzuri. Yeye alitaka mafupi. Mtu anayejenga, alisema, huuliza ataingilia wapi. Yeye huuliza kwanza atatokea wapi. Na mapatano ambayo mwisho wake kila mpita njia anaweza kuuona akiinua macho, hayo hajapata kuyaona, naye ameyapenda.

Nami alinitaka jambo moja. Jiko letu lilikuwa nje, upande wa magharibi, mahali mama alipolijenga. Lihame. Moto wetu wote uwe upande wa pili wa nyumba, siku zote, hata kwenye sikukuu, hata kama ni wa kuchomea muhogo mmoja. Nililihamisha mimi na ndugu zangu kwa siku moja, figa kwa figa, na kwa muda wote ule hatukuwasha hata njiti upande wa magharibi. Mdogo wangu wa mwisho alikua akidhani ni sheria ya dini.

Ami alipata nusu ya kodi ya ardhi, akaenda Baleni. Alitaka kwenda na mdogo wangu wa kiume. Nikamwambia kwamba yupo kazini: kampuni ilikuwa imetukabidhi maji ya miche, na miche haijui kwamba kijana ana ami.

"Umejifunza kwa yule wa Unguja," akasema.

"Hapana, ami. Nimejifunza kwako. Wewe ndiye unayependa mambo yamalizike."

Akamwacha.

Ghala lenyewe lilijengwa mbele ya macho yangu, na kama kuna kitu kimoja cha wakati ule ambacho ningependa mdogo zaidi yangu akione, ni hicho. Nguzo za boriti, kuta za bati, paa la bati. Mafundi walitaka kupiga misumari, akawakataza. Kila kipande kilifungwa kwa parafujo, nazo akazipaka mafuta zisishike kutu. Sakafu aliijaza mchanga. Kuzunguka ghala lote alilima mfereji mpana, na udongo uliotoka akaufanya tuta la kufika gotini. Watu walimwuliza kama anaogopa bahari. Akasema anaogopa mafuta yenyewe.

Wapagazi hawakumwachia hapo. Stima ilitia nanga mbali, mashua zikaleta makasha, nao wakapanda ufuko wakiimba, na mmoja akiwa na kiko mdomoni huambiwa akizime akiwa bado majini.

"Mwuza moto anaogopa kiko," walisema, kwa sauti ya kutosha.

"Mwuza visu hajikati ili apate wateja," alijibu, haoni haya wala hakasiriki.

Mara moja mwaka wa pili mashua moja ilishusha vibaya, makasha yakaanguka mlangoni mwa ghala na madebe mengi yakapasuka. Mafuta yalitoka kama maji ya mvua. Harufu yake ilifika mpaka msikitini. Tukasimama tunatazama, nami nikiwaza kisima, kwa sababu maji ya kisima kile yalinywewa na mtaa mzima. Mafuta yakashuka, yakaingia mferejini, yakafika kwenye tuta, yakasimama. Wakili aliingia mferejini na kanzu yake, akateka kwa kata pamoja na wapagazi wale wale waliomdhihaki, na yasiyotekwa yakafukiwa kwa mchanga. Jioni niliteka maji kisimani, nikayanusa, nikayanywa. Yalikuwa maji.

Sisemi alikuwa mtu wa kupendeka. Hakujua jina la mpagazi yeyote. Mzee mmoja jirani alikuja kumwomba bati moja lililobaki, la kuziba paa, akamwambia bati ni la kampuni, na bati likakaa nyuma ya ghala hadi kutu ilipolimaliza. Lakini katika kazi yake alikuwa mnyoofu kama uzi wa fundi, na mimi niliyeacha chuo nikajifunza kwake kwamba mtu anaweza kuisoma ardhi.

Kisha akaja mkubwa wake.

Alikuja kwa stima, Mzungu mnene mwenye kofia ngumu, baada ya miaka kadhaa ya biashara nzuri. Aliliona ghala limejaa, akafurahi, na furaha yake ikamtia tamaa. Alitaka kununua. Si ardhi ya ghala tu: kiwanja chote, minazi yote, nyumba yetu ikiwamo, abomoe, ajenge ghala la mawe la kudumu na gati yake. Bei aliyoitaja ilimfanya ami, aliyeitwa kutoka Baleni, aketi chini. Mara hii fedha zilikuwa nyingi hata kwa minazi, na kijana wetu alikuwa amekua. Ami alisema mbele ya wote kwamba sasa kila mmoja anaweza kuwa na kwake, Baleni, Juani, popote. Niliwatazama ndugu zangu. Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wakiitazama nyumba.

Mzungu akaniuliza kwa kinywa cha wakili kama nakubali.

"Mwambie sikubali," nikasema. "Mwambie ni minazi ya mama yangu, na mapatano yetu ni mpaka ile ya nyuma izae, na haijazaa."

Sijui Kidachi. Lakini najua urefu wa neno langu, na alilotafsiri kwanza lilikuwa na urefu ule ule. Uso wa Mzungu ukawa mwekundu. Kisha wakili akaongeza maneno yake mwenyewe, marefu, bila haraka, akinyoosha mkono kwenye mlango wa bahari, kule stima ilikokuwa imetia nanga mbali kiasi kwamba watu wake walionekana kama sisimizi. Mzungu alitazama. Akauliza kitu. Wakili akajibu. Mzungu akavua kofia, akajipepea, akarudi kwenye mashua.

Ami aliondoka bila kuaga. Wakili alibaki akihesabu makasha, na mimi nikaenda kumshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Kama kununua kungekuwa na faida kwa kampuni, ningemwambia anunue, na ningekuja kukusumbua kila siku mpaka uchoke."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia stima kila mwaka zinakuwa kubwa, na maji ya Chole hayaongezeki. Hapa boma lipo kwa mazoea. Mazoea yakiisha watahamia penye kina. Akijenga mawe hapa, atayaacha hapa."

"Na kama boma halihami?"

"Basi nimekosea, na nitafukuzwa kazi." Akafunga mlango wa ghala. "Wewe utakuwa na minazi yako."

Hakukosea. Serikali ilihamia Kilindoni, kwenye maji ya kina. Walianza kwa kuchukua meza, kisha makarani, kisha bendera. Forodha ikafuata, na maduka yakaifuata forodha. Wale waliompigia ukuta ngumi asikie unene wakabaki na unene wao. Vyumba vya chini vilivyokuwa havijapata kuingia panya viliingia panya, na popo juu yao. Sisemi hili kwa kuwacheka. Walikuwa watu wa heshima na nyumba zao zilikuwa za heshima, na hadi leo nikipita kando ya kuta zile natembea polepole. Ila hawakuwahi kujiuliza nyumba itafanya nini mpangaji akiondoka.

Minazi ya nyuma ilikuwa imekwisha kutoa makole ya maua, na msimu ule vidaka, nazi changa, vikakaa bila kupukutika. Wakili alikuja akainua macho, akasimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imezaa," akasema.

"Imezaa, bwana."

Wakalifungua ghala parafujo kwa parafujo. Bati zikapangwa, boriti zikafungwa, na yote yakapakiwa mashuani kwenda Kilindoni. Tuta alilisawazisha, mfereji akaufukia, ingawa mapatano hayakumtaka afanye hivyo. Aliniaga kwa kuniita bibi, mimi niliyekuwa bado kijana. Sikumwona tena. Nilisikia ghala la Kilindoni alilisimamisha kwa siku chache tu, mbali na nyumba, upande wa chini ya upepo.

Ami alikuja mwezi ule. Shikamoo yangu aliijibu vizuri, akanywa maji, akazunguka kiwanja chote hadi ncha. Nilijua amekuja kugawa, na nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Ndugu zangu walisimama nyuma yangu, wawili, warefu sasa.

"Nusu yangu ni ipi?" akauliza.

"Yoyote utakayoonyesha, ami."

Alisimama, mikono kiunoni. Aliitazama ncha iliyo wazi, akautazama mji, zile nyumba za mawe zilizofungwa madirisha.

"Na nitamwuzia nani?" akasema, kisha akaanza kucheka, kicheko chake kile cha zamani. "Kaeni. Kaeni nyote watatu. Mtu wa Baleni afanye nini na nusu ya Chole?"

Alipoondoka tulikwenda ncha na majembe. Ardhi ilikuwa imekanyagwa miaka yote ile na ilikuwa ngumu kama sakafu, tukailima kwa zamu, tukapanda muhogo kwa kuwa muhogo haubagui. Ulitoka. Tulipoung'oa na kuupika, ulinukia mafuta ya taa, si sana, lakini ulinukia, na mdogo wangu wa mwisho akakunja uso akasema huu hauliki. Mdogo wangu wa kiume akamwambia asile karibu na taa. Tuliula wote, siku ile na siku zilizofuata, mpaka shamba likaisha.